Ahmad bin Naaman, Baharia Aliyetimiza Amana

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Kurani Tukufu ya kwamba merikebu hutembea baharini kwa neema Yake (31:32), na mahali pengine ametuamuru kuwarudishia wenyewe amana zao (4:59). Mambo haya mawili, yaani safari ya bahari na utimizaji wa amana, yamekutana katika maisha ya mzee mmoja aliyefariki Unguja mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka ipatayo 85. Jina lake ni Ahmad bin Naaman. Nakuomba, ndugu msomaji, unisikilize nikueleze habari zake, maana zina mafunzo kwa kila mwenye kazi ya kumweka mbali na watu wake.

Nimesukumwa kuandika habari hizi na barua niliyoipata kutoka Ukonga, Dar es Salaam. Kijana mmoja alinijulisha kufariki kwa baba yake, mzee aliyelitumikia jeshi la wanamaji kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kuishi Ukonga na mkewe, watoto na wajukuu mpaka siku yake ilipofika. Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika barua hiyo kijana aliuliza jambo moja lililomsumbua. Baba yake alikuwa mtu wa sala na mtu wa nyumba, lakini sehemu kubwa ya ujana wake ilipita kambini na baharini, mbali na mkewe na watoto wake wadogo. Je, miaka ile ihesabiwe kuwa imepotea, au nayo ni ibada?

Sikutaka kumjibu kwa maneno yangu mwenyewe tu. Pia sikuona vema kueleza hadharani maisha ya baba yake, kwa kuwa hayo ni ya jamaa zake. Nimeona afadhali nimweleze habari za mtu anayejulikana katika historia ya pwani yetu, ambaye naye alikuwa mtu wa manowari na alitumwa mbali kuliko wengi wa zama zake.

Asili yake na kazi yake

Ahmad bin Naaman, wa kabila la Al-Kaabi, alizaliwa Basra mwaka 1784. Basra ni mji wa mitende na wa mabaharia. Vyombo vya huko vilipeleka tende katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi, na watoto wa mji ule walikua wakizijua pepo na majira yake. Baadaye aliingia katika utumishi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, aliyetawala tangu 1806 hata 1856. Kazi yake ilikuwa ya kalamu na ya bahari pamoja. Alikuwa katibu wa Seyyid Said na mtu wa siri zake, na pia alikabidhiwa meli aongoze safari.

Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa kazi hizi mbili ni mbalimbali sana, lakini katika dola ya Seyyid Said hazikutengana. Dola ile ilisimama juu ya bahari. Sehemu yake moja ilikuwa Maskati na nyingine Unguja, na kati yake kulikuwa na maji ya siku nyingi. Kwa hiyo Seyyid Said alijenga jeshi la majini lililoheshimiwa na mataifa. Baadhi ya manowari zake ziliundwa Bombay kwa mbao za msaji. Mojawapo, iliyoitwa Liverpool na iliyochukua mizinga 74, aliitoa zawadi kwa Mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Pengine manowari hizi zilichukua askari, pengine zilichukua bidhaa za Seyyid mwenyewe, na pengine zilichukua wajumbe wake. Nahodha wa meli kama hiyo ilimpasa kujua vita, biashara, na adabu za kusimama mbele ya wageni.

Miongoni mwa meli hizo ilikuwamo Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Haikuwa kubwa kama Liverpool, kwani mizinga yake ilikuwa 14 tu. Lakini meli hii ndogo ndiyo iliyolifanya jina la Ahmad bin Naaman likumbukwe mpaka leo.

Safari ya kwenda Marekani

Mwezi wa Septemba 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, ulioletwa Maskati na mjumbe wao Edmund Roberts. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Meli za wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, zilikuwa zikija kununua pembe, sandarusi na karafuu, na kuleta vitambaa vya pamba. Hata leo wazee wetu wanaita kitambaa kigumu kisicho na rangi kwa jina la merikani, na jina hilo ni kumbukumbu ya biashara ile. Lakini kwa miaka hiyo yote Wamarekani ndio waliokuja kwetu. Seyyid Said aliona inafaa meli yake nayo iende kwao.

Mwishoni mwa mwaka 1839, wakati wa kaskazi, Sultana iling'oa nanga Maskati ikiwa imepakia magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Ilipofika Unguja ikaongezewa pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Wewe uliye Ukonga ukumbuke ya kwamba sandarusi ya siku zile ilichimbwa katika ardhi ya Mrima, yaani pwani hii ya bara inayoelekea Unguja. Basi ndani ya meli ile haikuwamo mali ya Uarabuni peke yake. Mlikuwamo pia jasho la watu wa nchi yetu.

Ahmad bin Naaman alikuwa na umri wa miaka 56 hivi alipokabidhiwa amana hii. Wengi katika umri huo hutamani kukaa barazani na kutazama wajukuu. Yeye alipewa meli, mabaharia 56, mwelekezi wa njia Mwingereza aliyeitwa William Sleeman, shehena ya bwana wake, barua kwa Rais wa Marekani, na zawadi za thamani kubwa. Mwezi wa Februari 1840 waliondoka Unguja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, wakaingia katika Bahari ya Atlantiki, na tarehe 30 Aprili 1840 wakatia nanga New York. Ilikuwa meli ya kwanza ya dola ya Kiarabu kufika katika bandari ya Marekani.

Mwaka ule Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alikuwa mtoto wa miaka mitano kijijini Qadian, na ilikuwa bado miaka mingi kabla sauti ya Uislamu kufika Marekani kwa kinywa cha mhubiri aliyetumwa makusudi. Kwa watu wengi wa New York, mabaharia wa Sultana walikuwa Waislamu wa kwanza kuwaona kwa macho.

Miezi mitatu katika mji wa wageni

Tafakari, ndugu msomaji, hali ya mzee huyu. Kila siku watu walimiminika bandarini kuitazama meli na watu wake. Walitazama vilemba, kanzu na ndevu zao, wakatazama wanavyokula na wanavyokaa. Magazeti yaliandika habari zao. Kama baharia mmoja angefanya fujo mjini, wasingesema kwamba mtu fulani amekosa. Wangesema kwamba hao ndio Waislamu. Aliyeshika amana ya meli alikuwa ameshika pia amana ya jina la dini, wala hakuna aliyemwandikia amana hiyo katika hati ya shehena.

Habari zilizobaki zinaonyesha kwamba aliitimiza kwa heshima. Wakubwa wa mji walimkaribisha, wakamtembeza, wakamwonyesha mambo ya nchi yao, miongoni mwake reli, chombo ambacho pwani yetu ilikuwa haijakiona. Waliomwona walimsifu kwa utulivu na adabu. Baraza la mji lilimwita mchoraji Edward Mooney achore sura yake kwa rangi. Picha hiyo imehifadhiwa, na hata leo tunaweza kumtazama mzee huyu mwenye kilemba na ndevu nyeusi, uso wake umetulia kama wa mtu ajuaye ametumwa na nani.

Zawadi alizochukua zilikuwa farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali, zulia na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Rais wa Marekani siku hizo alikuwa Martin Van Buren, na Katiba ya nchi yake ilimkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi kutoka kwa mfalme wa nchi nyingine pasipo idhini ya Baraza la Kongresi. Basi Rais hakuzichukua kuwa mali yake. Jambo lilipelekwa mbele ya Baraza, na mwezi wa Julai 1840 likaamuliwa kwamba zawadi zipokewe kwa ajili ya taifa, na thamani yake iingie katika hazina.

Huenda watu wa Sultana waliona ajabu, kwa sababu katika desturi ya wafalme kuikataa zawadi ni kumvunjia heshima aliyeitoa. Lakini Mwislamu hana sababu ya kustaajabu. Mtukufu Mtume s.a.w. alimtuma mtu mmoja kukusanya zaka, naye aliporudi akatenga sehemu akidai kuwa hiyo amepewa yeye zawadi. Mtume s.a.w. alikasirika, akapanda mimbari na kuuliza kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Kanuni ambayo Wamarekani waliiweka katika Katiba yao ilikuwa imefundishwa Madina zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Ni huzuni kwamba leo wengi wetu tunaoisoma hadithi hiyo tunaiacha msikitini tunapokwenda ofisini. Afisa apokeaye bahasha, mlinzi wa ghala afungiaye jicho kipande cha mali, na askari auzaye ruhusa, wote hao wamepewa meli ya mwenyewe na wanaiuza mbao moja moja.

Sultana ilikuwa imechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani iliipeleka katika karakana ya manowari huko Brooklyn, chini ya Komodori Renshaw, ikatengenezwa kwa gharama ya serikali hiyo. Wanamaji wa mataifa mawili, ambao dini zao, lugha zao na mavazi yao yalikuwa mbalimbali, walikutana kazini juu ya mbao, kamba na matanga. Matengenezo yalipokwisha, na shehena ya kurudi ilipokuwa tayari, Ahmad bin Naaman hakukawia. Tarehe 9 Agosti 1840 Sultana iliondoka New York.

Kurudi nyumbani

Mtume s.a.w. amefundisha ya kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba msafiri akiisha kutimiza haja yake afanye haraka kurudi kwa jamaa zake. Mafundisho haya ndiyo jibu la kwanza kwa kijana wangu wa Ukonga. Uislamu haukatai safari ya kazi. Lakini haukumruhusu mtu aifanye safari kuwa makao, wala kazi kuwa kisingizio cha kuwasahau mke na watoto. Kipimo chake ni haja iliyompeleka. Haja ikiisha, uso ugeuzwe nyumbani.

Safari ya kurudi ilichukua miezi minne. Kwa hesabu ya kalenda yetu, Ramadhani ya mwaka 1256 wa Hijra iliandama mwishoni mwa Oktoba 1840, nayo iliwakuta Sultana na watu wake wangali baharini. Mwenyezi Mungu amemruhusu msafiri kula katika siku hizo na kutimiza hesabu katika siku nyingine (2:186), na sisi tumefundishwa ya kwamba ruhusa ya Mungu ni ya kupokewa kwa shukrani, wala si ya kushindana nayo kwa ushupavu. Lakini hata mtu mwenye ruhusa huiona Ramadhani ya ugenini kuwa ndefu. Hakuna sauti ya watoto wakingoja magharibi, wala jirani anayeleta sahani ya futari. Idi nayo ikapita wakiwa katika maji. Tarehe 8 Desemba 1840 meli iliingia Unguja. Tangu walipoondoka ilikuwa imepita miezi kumi.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya shehena ya Sultana, kwenda na kurudi. Hawakuandika juu ya wanawake waliosimamia nyumba kwa miezi kumi, waliolea watoto, waliouguza wazee, na waliotazama upeo wa bahari kila tanga lilipoonekana. Nakuomba, kijana wa Ukonga, usimsahau mama yako unapomkumbuka baba yako. Baba alipokuwa zamu melini, mama naye alikuwa zamu nyumbani. Amana ilikuwa moja, wakaibeba wawili. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mbora wa watu ni yule aliye mbora kwa jamaa zake, na mwenye kurudi kutoka mbali huthibitisha ubora wake kwa namna anavyomheshimu aliyemlindia nyumba.

Miaka ya uzee

Baada ya safari ile Ahmad bin Naaman aliishi miaka 29 zaidi. Seyyid Said alifariki mwezi wa Oktoba 1856 akiwa baharini, ndani ya meli yake, akirudi Unguja kutoka Omani. Dola ikagawanyika. Thuwaini akashika Omani na Majid akashika Zanzibar, na mwaka 1861 mgawanyiko huo ukathibitishwa kwa uamuzi wa Waingereza. Mzee Ahmad akayaona hayo yote.

Katika miaka yake ya mwisho aliishi hata kuona jambo linalotuhusu sisi wa Dar es Salaam. Seyyid Majid alianza kujenga mji mpya katika bandari tulivu karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akauita Dar es Salaam, yaani nyumba ya amani. Hiyo ilikuwa katika miaka ya 1860. Sultana ilipopita baharini mwaka 1840, mji huu haukuwapo, na Ukonga ilikuwa bado haijawa kitongoji cha mji wowote. Leo kuna watu wasiohesabika kati ya Kivukoni na Pugu, na pale Kigamboni kuna wanamaji wa Jamhuri yetu. Watumishi wa zama moja hupita, na amana huhamia mikononi mwa wengine.

Ahmad bin Naaman alifariki Unguja mwaka 1869, na mwaka uliofuata Majid naye akafariki.

Jambo lisilofaa kufichwa

Ndugu msomaji, anayeandika maisha ya marehemu huvutwa kumsifu tu. Lakini Kurani Tukufu imetutaka tuwe mashahidi wa haki, hata kama ni juu ya nafsi zetu (4:136). Kwa hiyo si halali kwangu kuacha jambo kubwa la zama zile. Dola aliyoitumikia Ahmad bin Naaman ilikuwa dola ya biashara ya watumwa. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi na mwa watu waliotekwa. Na katika meli za bahari hii watumwa walikuwa miongoni mwa mabaharia. Mkataba wa 1845 ulipunguza biashara hiyo, lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, miaka minne baada ya kufa kwake.

Wala nchi aliyoizuru haikuwa safi. Jimbo la New York lilikuwa limeondoa utumwa mwaka 1827, lakini majimbo ya kusini yaliendelea nao, na pamba iliyofumwa kuwa merikani ililimwa na watumwa. Wakati Sultana ilipokuwa New York, katika jimbo jirani la Connecticut kulikuwa na Waafrika wa meli Amistad, waliotekwa kwao na kisha kujikomboa baharini, wakingoja mahakama iamue kama wao ni watu au ni mali. Waliachiliwa mwaka 1841.

Kurani Tukufu inasema ya kwamba Mungu amewaheshimu wana wa Adamu na kuwachukua barani na baharini (17:71). Aya hiyo haikumtaja Mwarabu wala Mzungu wala Mwafrika. Imetaja wana wa Adamu. Imetuamuru pia kumwacha huru mtumwa, na ikaiita kazi hiyo njia ya kupanda mlimani (90:12–14). Watawala wa Kiislamu wa zama zile walikuwa na Kitabu hiki mikononi. Walitunza amana ya lulu na farasi, lakini wengi wao hawakuitunza amana ya mwanadamu mwenzao. Si Uislamu ulioshindwa hapo. Walioshindwa ni watu walioupokea nusu.

Basi utakapomsifu Ahmad bin Naaman kwa uaminifu wake, na anastahili, chukua pia onyo lililomo katika zama zake. Uaminifu kwa bwana wa dunia ni jambo jema, lakini mtumishi wa Mungu hana budi kuuliza kama meli anayoilinda imebeba dhuluma. Askari wa leo, baharia wa leo, karani wa leo, naye ajiulize hivyo hivyo.

Mafunzo kwetu

Miaka 80 baada ya Sultana kufika New York, Mwislamu mwingine aliifikia Marekani kwa meli. Hazrat Mufti Muhammad Sadiq r.a., sahaba wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., aliteremka Philadelphia mwezi wa Februari 1920, akiwa mhubiri wa kwanza wa Jumuiya yetu katika nchi ile. Yeye hakuwa na mizinga, farasi wala lulu. Badala ya kukaribishwa na wakubwa wa mji, alizuiliwa kwa majuma kadhaa. Naye katika kizuizi kile akawahubiria waliozuiliwa pamoja naye, na baadhi yao wakasilimu.

Wa kwanza alipeleka salamu za sultani, na wa pili alipeleka ujumbe wa Mola wa masultani wote. Lakini wote wawili walisomwa na wageni kabla ya kufunuliwa kwa kitabu chochote. Jirani yako wa Ukonga asiye Mwislamu huenda hatafungua Kurani maisha yake yote. Anakufungua wewe kila siku, dukani, kituoni, kazini na katika malipo ya deni.

Sasa nirudi kwa kijana aliyeniandikia. Ndugu yangu, miaka ya baba yako baharini haikupotea ikiwa ndani yake mlikuwamo sala, riziki ya halali na nia ya kurudi. Kurani Tukufu imewahesabu waumini wenye kufuzu kuwa ni wale watunzao amana zao na ahadi zao (23:9), wala haikusema kwamba amana hizo ni za msikitini tu. Zamu ya usiku juu ya sitaha ni amana. Mshahara unaotumwa nyumbani bila kupunguzwa kwa anasa ni amana. Na miaka ile ya uzee aliyokaa Ukonga na mama yako na wajukuu, akilipa kwa upole siku ambazo hakuweza kuwapo, nayo ni amana iliyorudishwa kwa wenyewe.

Kilichobaki ni sehemu yako. Mwombee dua, lipa deni lake kama liko, watunze rafiki zake, na mheshimu mama yako. Mtoto mwema amwombeaye mzazi ni katika mambo ambayo Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba kifo hakiyakati.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliosafiri kwa haki na kufa katika Uislamu. Awasamehe makosa yao waliyoyajua na wasiyoyajua. Atupe sisi nguvu ya kutimiza amana Zake, za bahari na za nchi kavu, za serikali na za nyumbani, mpaka tutakapofika kwenye bandari isiyo na safari baada yake. Amin.